Panya Ameshinda, Mama Je?

Muhula uliopita, katika semina ya fasihi ya watoto, tulioneshwa katuni moja ya Tom na Jerry kisha tukatakiwa kuijadili. Mjadala ulichukua saa nzima na zaidi. Wenzangu walisema mengi, na mwishowe zikajitokeza kambi tatu. Kambi ya kwanza ilidai kwamba katuni ni mambo ya watoto, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili hatuna sababu ya kupoteza muda kwa paka na panya wa Kimarekani. Ya pili ilishangilia kwamba Jerry ni Sungura wetu aliyebadili ngozi. Ya tatu ilitaka katuni hiyo isioneshwe tena darasani, au ioneshwe ile iliyosafishwa, kwa kuwa ndani yake mwanamke mweusi anadhalilishwa. Mimi nilikaa kimya. La kusema nilikuwa nalo, lakini lilinikaa kooni. Insha hii ndiyo jibu langu, na naomba niseme mapema kwamba nazipinga kambi zote tatu.

Kwanza katuni yenyewe. Inaitwa Saturday Evening Puss. Ilitengenezwa na studio ya MGM huko Marekani chini ya William Hanna na Joseph Barbera, ikatoka mwaka 1950. Kisa chake ni chepesi. Ni Jumamosi jioni. Mwanamke anayeitunza nyumba anajipamba, anavaa viatu vyake vizuri, anatoka kwenda klabu kucheza karata na wenzake. Mlango ukifungwa tu, Tom anawaita paka watatu wa mtaani na nyumba inageuka ukumbi wa muziki wa jazi. Waswahili husema paka akiondoka panya hutawala. Hapa mama ndiye aliyeondoka, paka ndio wanaotawala, na panya amekuwa mlalamikaji. Jerry anataka kulala. Anawakemea, anawaharibia muziki, wanamfukuza huku na huku. Mwishowe anaifikia simu na kumpigia mwanamke yule klabuni. Mwanamke anaacha karata, anakimbia hadi nyumbani, anawatupa nje paka wote. Kisha anakaa ili apumzike, anaweka santuri, na santuri hiyo inapiga kelele zilezile zilizomnyima Jerry usingizi. Hapo kicheko, na mwisho.

Katika muda wote huo tunamwona mwanamke yule kuanzia kiunoni kwenda chini: sketi, soksi, viatu. Ni mweusi, ni mnene, na Kiingereza chake kimeandikwa ili kichekeshe. Anajulikana kwa jina la Mammy Two Shoes, jina linalotaja viatu. Alianza katika katuni ya kwanza kabisa ya Tom na Jerry, Puss Gets the Boot ya mwaka 1940, na mara ya mwisho alionekana katika Push-Button Kitty ya mwaka 1952. Ni miaka kumi na miwili ya miguu.

Nianze na kambi ya kwanza, wanaosema haya ni ya watoto. Wenzangu hawa wanaitazama katuni hii kama walivyoikuta, yaani kwenye televisheni asubuhi ya siku isiyo na shule. Haikuzaliwa huko. Ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, ioneshwe kabla ya filamu kuu mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio. Hanna na Barbera walitengeneza katuni 114 za Tom na Jerry pale MGM kati ya mwaka 1940 na 1958, na saba kati ya hizo zilishinda tuzo ya Oscar. Muziki wake uliandikwa na Scott Bradley kwa ajili ya okestra, kila hatua ya paka na noti yake. Kazi hiyo ilifanywa na watu wazima ili iwachekeshe watu wazima. Kuiita ya watoto ni njia ya kukwepa kuuliza watu hao wazima walikuwa wakicheka nini.

Tena kambi hii inajipinga. Katika kozi zetu tunachambua ngano, vitendawili na michezo ya watoto, wala hakuna anayesema tunapoteza muda. Tunajua kwamba kinachosimuliwa kwa mtoto ndicho kinachokaa kwake muda mrefu zaidi. Hapa Uganda wengi wetu tulimjua Tom kabla ya kujua kusoma. Hatukuhitaji Kiingereza, kwa sababu paka na panya wale kwa kawaida hawasemi. Wanapigana, na kupigana kunaeleweka bila kamusi. Ikiwa simulizi imeingia katika nyumba nyingi kiasi hicho bila mkalimani, mchambuzi wa fasihi anayeipuuza ajitafutie kazi nyingine.

Kambi ya pili ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwa sababu ilikuwa na furaha. Hoja yao ni hii: Sungura ni mdogo na anamshinda Fisi, Jerry ni mdogo na anamshinda Tom, basi Jerry ni Sungura. Mmoja akaongeza kwamba hadithi za mnyama mjanja zilivuka bahari pamoja na watumwa. Hilo la mwisho lina ukweli. Hadithi za Brer Rabbit, zilizosimuliwa na Waafrika waliokuwa utumwani Marekani na kuchapishwa na Joel Chandler Harris kuanzia mwaka 1879, zina mizizi katika bara letu. Lakini Jerry hakutoka kwenye kibuyu hicho. Mdogo kumshinda mkubwa ni jambo ambalo kila jamii hulipenda. Kufanana si udugu.

Tuangalie tofauti, maana huko ndiko kuna somo. Katika ile ngano ya kisima, wanyama wote wanachimba isipokuwa Sungura, anayekataa kazi. Maji yakipatikana anakuja kuyaiba, na walinzi wanahadaiwa mmoja baada ya mwingine, mpaka Kobe anajipaka ulimbo mgongoni na kumnasa. Sungura anashtakiwa na nani? Na kijiji. Kuna watu waliochimba, kuna jasho lililomwagika, na ujanja wake unapimwa kwa jasho hilo. Tunacheka naye, lakini tunajua anakunywa maji ya nani. Vivyo hivyo Wakayima, sungura wa ngano za Kiganda nilizokulia: akimdanganya mwenzake, aliyedanganywa ana jina, ana mdomo, na kesho anaweza kurudi kudai chake.

Sasa rudini kwa Jerry. Katika Puss Gets the Boot, mwanamke anamwonya paka (wakati huo akiitwa Jasper) kwamba akivunja kitu kimoja zaidi, atatupwa nje. Panya anasikia, na papo hapo anaelewa kwamba amepewa silaha. Anashika glasi na kutishia kuiachia. Paka anahangaika kudaka, anatandika mito sakafuni, anabeba mrundo wa sahani asiouweza. Mwishowe sahani zote zinaanguka, paka anatupwa nje, panya anarudi tundu lake. Ni hila safi, na sitajifanya kwamba sikucheka. Lakini zile sahani ni za kazi ya nani? Nani aliziosha, nani atafagia vigae? Hakuna kijiji katika katuni hii. Aliyechimba kisima yupo, lakini amekatwa kiunoni. Sheria ya nyumba iko mkononi mwake pamoja na ufagio, na wote wawili, paka na panya, wanamtumia kama rungu la kumpigia mwenzake. Anayeona hapa ushindi wa mnyonge amehesabu wanyonge vibaya. Amemhesabu panya akamsahau mama.

Na ngano zetu zina jambo jingine ambalo kambi hii imelisahau. Msimulizi wake mara nyingi alikuwa bibi. Uso wake ulionekana kwa mwanga wa moto, na hadithi ilikuwa mali yake. Angeweza kuikatiza akaulize nani amelala. Katika katuni ya MGM mwanamke hasimulii. Amebakizwa miguu.

Hapa niseme lililonikaa kooni siku ile. Mama yangu alifanya kazi za nyumbani Kampala kwa miaka tisa. Siku ambazo hakukuwa na shule alinichukua kwenda naye, kwa sharti kwamba nikae karibu na mlango wa jikoni na nisiguse kitu. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakitazama Tom na Jerry sebuleni. Mimi nilitazama kutoka mlangoni, nikiwa nimekaa sakafuni. Mama alikuwa nyuma yangu akipiga pasi. Nikigeuka, kwa jinsi nilivyokaa, nilichokiona ni meza, ukingo wa gauni lake na kandambili zake. Siku moja ilioneshwa katuni ambamo vyombo vinaanguka mlima mzima. Watoto walicheka, mimi nikacheka. Mama aliinua macho kwenye pasi, akatazama kioo cha televisheni, akasema kwa Kiganda, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida: "Hizo sasa, nani atazifagia?" Akaendelea na shati alilokuwa akilipiga pasi.

Nimesoma nadharia za usawiri wa mhusika wa kike kwa miaka miwili sasa. Sijakutana na swali lililozidi hilo.

Katika nyumba ile hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto walimwita kwa jina la kazi, wakubwa walimwita kwa kengele ya sauti zao. Ndiyo maana siwezi kuliona jina Mammy Two Shoes kama jina la utani tu. Kumwita mtu kwa viatu vyake ni kukiri kwamba umemtazama ukiwa chini na hukujisumbua kuinua macho. Na tusijidai kwamba hilo ni la Wamarekani peke yao. Kiswahili chetu kina hausigeli, kina boi hata kama boi mwenyewe ana wajukuu. Adabu ikizidi tunasema dada wa kazi, udada ambao hauna shangazi wala mjomba.

Ndipo naijia kambi ya tatu. Hawa nawaheshimu, kwa kuwa wao walau walimwona. Walikasirika, na hasira yao ni ya haki. Mammy ni picha ya kale ya kibaguzi: mwanamke mweusi mnene aliyezaliwa kutumika, mkali kwa paka na mtiifu kwa nyumba. Februari 1940, mwezi uleule Puss Gets the Boot ilipoingia majumba ya sinema, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Alishinda kwa kuigiza mtumishi anayeitwa Mammy katika Gone with the Wind, na usiku wa tuzo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake weupe. Hayo ndiyo mazingira ya vile viatu viwili. Kwa hiyo wenzangu wanasema: tuifute, au tutumie nakala iliyosafishwa.

Lakini wamejiuliza kusafisha huko kulifanywaje? Katika miaka ya 1960, katuni hizi zilipotayarishwa kwa televisheni, sehemu za Saturday Evening Puss zilichorwa upya. Mwanamke mweusi aliondolewa, mahali pake akawekwa msichana mweupe mwembamba. Paka walibaki, panya alibaki, santuri ilibaki. Aliyefukuzwa nyumbani ni mmoja tu. Walimdhalilisha kwa miaka kumi na miwili, kisha walipoona aibu wakamwondoa yeye aliyedhalilishwa. Mnauita huo usafi? Kwa jina jingine ni kumfukuza mfanyakazi kwa kosa la mwenye nyumba.

Na pamoja na picha iliondoka sauti. Aliyempa mwanamke yule sauti alikuwa Lillian Randolph, mwigizaji na mwimbaji Mmarekani mweusi aliyejulikana sana redioni. Mliotazama filamu It's a Wonderful Life ya mwaka 1946 mmemwona uso wake. Yeye ndiye Annie, na kazi ya Annie ni ileile ya jikoni. Katika katuni jina lake halikuandikwa. Miaka ya 1990 baadhi ya nakala zilipewa sauti mpya ya mwigizaji mwingine mweusi, Thea Vidale, ili ile lafudhi ya kejeli isisikike. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo matokeo ni kwamba mwanamke aliyefanya kazi hiyo bila jina alipokonywa hata sauti. Unapofuta katuni humfuti mchoraji aliyetukana. Yeye tuzo zake ziko kabatini. Unamfuta Lillian Randolph.

Kuna sababu nyingine ya kuitazama katuni hii bila kuikata. Nimesema mwanamke yule hana uso. Si kweli kabisa. Mwenye simu aisimamishe picha pale anapokimbia kutoka klabuni kurudi nyumbani. Kwa nukta moja, chini ya muda wa kupepesa jicho, uso wake unaonekana. Nimeisimamisha mara nyingi. Katika katuni alizomo, uso wake huonekana kwa nadra sana, na hapa wakati huo ni upi? Ni pale anapokatizwa mapumziko yake. Jumamosi yake moja, karata zake, wenzake, vyote ameviacha kwa sababu panya amepiga simu. Amepata uso akiwa anakimbilia kazini. Sidai kwamba Hanna na Barbera walikusudia maana hiyo. Inawezekana ilikuwa nukta ambayo hakuna aliyetarajia tuione. Lakini kazi yetu sisi wasomaji ni kuona kilichomo. Mkiifuta, hata nukta hiyo itakuwa imekwenda.

Najua nitajibiwa. Mmoja atasema: ndugu yetu, unaleta uchungu mahali pa kicheko. Jibu langu ni kwamba kicheko changu kiko palepale. Ile santuri ya mwisho inanichekesha hadi leo, na inanichekesha kwa sababu ndiyo mara pekee mwanamke huyu anapofanya anachokitaka yeye: ameweka muziki wake kwa sauti anayoipenda, na panya atajijua. Mwingine atasema: je, mtoto wa miaka sita aoneshwe picha hiyo ya dharau? Hapana, si peke yake, na si bila mtu mzima wa kumweleza. Katika hilo kambi ya tatu ina haki na nairudishia haki yake. Lakini sisi si watoto wa miaka sita. Sisi ni wanafunzi wa chuo, na baadhi yetu tutakuwa walimu. Mwalimu asiyeweza kuitazama dharau usoni ataifundishaje? Hata walioiuza baadaye walilielewa hilo: katika mkusanyo wa DVD wa mwaka 2005, mwigizaji Whoopi Goldberg aliwekwa mwanzoni awaeleze watazamaji kwamba picha hizo ni za kibaguzi na kwa nini zimeachwa.

Tena hoja ya kufuta ina hatari kwetu. Inatupa raha ya kuwakemea Wamarekani wa mwaka 1950 huku sisi wenyewe tukiachwa. Washeni televisheni jioni yoyote, katika nchi yoyote ya ukanda huu. Hausigeli katika vichekesho vyetu ni nani? Ni msichana kutoka kijijini, lafudhi yake inachekwa, hajui kutumia jiko la gesi, anasikiliza mlangoni, na madamu akiingia anaangusha sahani. Tumempa uso, ndiyo. Je, tumempa Jumamosi? Tumewahi kumwona akiwa na wenzake, akicheza karata, akicheka jambo lisilohusu nyumba ya bosi? Katika lugha ya darasani yeye ni mhusika bapa. Ubapa huo hatukuuagiza MGM, tumeukanda wenyewe kwa mikono yetu.

Kwa hiyo sitaki katuni hii ifutwe, wala isifiwe, wala ipuuzwe. Nataka ibaki katika semina, ioneshwe nakala ya asili, na jina la Lillian Randolph litajwe kabla ya kuwasha mashine. Iwekwe pamoja na ngano ya kisima ili tuulize, katika kila hadithi ya mjanja, aliyechimba ni nani na yuko wapi wakati tunacheka. Kisha, wiki inayofuata, iwekwe pamoja na kichekesho kimoja chetu kutoka Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, na maswali yawe yaleyale. Tukiona aibu zaidi wiki ya pili kuliko ya kwanza, semina itakuwa imefanya kazi yake.

Wahadhiri wetu hupenda swali la mtihani linaloanza na neno "Jadili". Nina la kupendekeza, na aliyelitunga hakufika chuo. Alilitunga akiwa amesimama kwenye meza ya pasi, Jumamosi, katika nyumba ya watu: "Hizo sasa, nani atazifagia? Jadili."